Ndama Anavukaje Kiangazi? Historia ya Majani, Mipaka na Watu Wetu

Wiki hii zamu ni ya historia, na tumechagua ndama. Msicheke kwanza. Ukifuata nyayo za ndama mmoja wakati wa kiangazi, unafika Masisi, unafika Itombwe, unafika Mutara, halafu unarudi hapahapa tunapoishi.

Hapa Kigali kiangazi tunakijua kwa vitu viwili: vumbi na maziwa. Kuanzia Juni hadi Septemba, kipindi ambacho Wanyarwanda wanakiita impeshyi, mvua inakatika, vilima vinabadilika rangi, na kwenye yale maduka ya maziwa ya mitaani maziwa yanakuwa ya kuwahi. Ukichelewa unaambiwa yameisha. Sisi wa mjini tunalalamika kidogo, tunakunywa chai ya rangi, maisha yanaendelea. Lakini kule Nyagatare au Gishwati yanakotoka yale maziwa kuna ng'ombe aliyekosa majani, na pembeni yake kuna ndama anayetegemea maziwa hayohayo. Maziwa yenyewe ni machache. Anywe nani, mtoto wa mtu au mtoto wa ng'ombe?

Swali hilo ni la zamani sana katika eneo letu. Na tangu watu waanze kufuga, majibu ni mawili tu. Ama unampeleka mnyama kwenye majani, ama unamletea majani pale alipo. Kuhama au kuhifadhi. Wazee wetu walichagua kuhama, wakawa mabingwa. Halafu, katika miaka mia moja na kitu, milango ya kuhama ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na sehemu ya ugomvi uliotufikisha hapa ilipita kwenye milango hiyo. Hilo ndilo tunataka kueleza leo.

Ndama anataka nini

Wengi wetu tumezaliwa au tumekulia kambini. Hatujawahi kumfunga ndama hata kamba. Kwa hiyo tuanze mwanzo kabisa.

Ndama anazaliwa bila kinga ya magonjwa. Kinga anaipata kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza, ambayo Kinyarwanda yanaitwa umuhondo. Lazima ayanywe ndani ya saa chache, juu ikipita siku moja utumbo wake haupokei tena ile kinga. Halafu kuna habari ya tumbo. Ng'ombe ana matumbo manne, lakini ndama mchanga anatumia la nne, la kusaga maziwa. Lile kubwa la kwanza, linalogeuza majani kuwa chakula, bado ni dogo na limelala. Linaamka kidogokidogo anapoanza kutafuna majani laini, akiwa na wiki mbili tatu hivi. Ukimwachisha maziwa kabla tumbo hilo halijakua, atashiba majani na bado atakonda. Kwenye mashamba ya kisasa ya maziwa wanamwachisha kwenye miezi miwili au mitatu, juu wanampa na nafaka. Kwa wazee wetu ndama alinyonya miezi saba, nane, hata zaidi.

Sasa hesabu miezi. Ndama aliyezaliwa kwenye mvua za Machi anaingia kiangazi akiwa na miezi mitatu tu. Maziwa ya mama yake yanapungua, na majani aliyoanza kujifunza kula yanakauka na kuwa kama kamba. Hapo ndipo anakufa, au anadumaa. Na jike aliyedumaa utotoni anachelewa kupata mimba, kwa hiyo kiangazi kimoja kibaya kinaonekana zizini hata miaka mitatu baadaye.

Ndio maana ndama alikuwa na nyumba yake. Kinyarwanda kina neno lake, uruhongore, sehemu ya ndama ndani ya boma, yenye majani makavu ya kulalia, mbali na kwato za wakubwa. Ndama mchanga, umutavu, hakupelekwa machungani. Watoto wa nyumbani walimkatia majani laini bondeni na kumletea, wakamtoa kupe kwa mkono mmojammoja. Kupe si mchezo: ndio wanaoleta ndigana kali, ile Wanyarwanda wanaiita ikibagarira, na ugonjwa huo unaua ndama kwa wingi. Moto wa zizini uliwaka jioni ili moshi ufukuze nzi.

Na wakati wa kukamua, ndama aliletwa kwanza anyonye kidogo ili mama aachilie maziwa, kisha akashikwa pembeni, chombo kikajazwa, kisha akarudishwa amalizie. Kiangazi mkamuaji alijua kukamua kidogo zaidi. Alikuwa anagawa chakula kati ya watoto wawili, wa kwake na wa ng'ombe, kila siku asubuhi na jioni. Kazi hiyo inafanana kabisa na ile ya mama wa kambini anayepanga posho ya mwezi ifike tarehe 30.

Kuhama ilikuwa elimu

Kuna maneno tunayasikia mpaka leo, kwamba mfugaji anatangatanga na ng'ombe wake bila mpango. Ukikaa na mzee aliyechunga kweli, unaona mambo ni mengine.

Kinyarwanda kinasema kugisha: kupeleka ng'ombe malisho ya mbali kwa muda. Kwanza kundi liligawanywa. Ng'ombe wa maziwa wenye ndama wadogo walibaki karibu na nyumbani, na mabonde yenye unyevunyevu yaliachwa kwa ajili yao. Wale wasiokamuliwa, mafahali vijana na mitamba ndio walitembea mbali, wakiwa na vijana wachungaji. Kwa hiyo kuhama kulikuwa na maana mbili: waliokwenda walipata majani, na waliobaki hawakugombania yale machache. Vijana hao walitakiwa kujua bonde gani halikauki, maji gani yana chumvi, wapi kuna mbung'o, na mwenye ardhi ni nani ili wamsalimie kwanza.

Hiyo ya mwisho ni muhimu. Malisho hayakuwa bure. Katika Rwanda ya karne ya 19 kulikuwa na igikingi, eneo la malisho ambalo mtu alipewa na mfalme au na mkubwa fulani. Asiye na mkubwa wa kumshika mkono alijikuta hana pa kulishia. Kulikuwa pia na ubuhake, ule mkataba wa mtu kupewa ng'ombe kisha naye akawa mtumishi wa aliyempa. Mfalme Mutara III Rudahigwa aliufuta ubuhake mwaka 1954, lakini swali la nani ana malisho lilibaki. Tunasema hivi ili tusije tukapamba zamani kupita kiasi. Majani yalikuwa siasa hata kabla ya Mzungu kufika.

Milango inafungwa

Pigo la kwanza halikuwa la ardhi. Lilikuwa la ugonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka iliingia Afrika kupitia pembe ya kaskazini mashariki, ikashuka, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafika kwetu. Wanyarwanda waliiita umuryamo. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilipoteza ng'ombe karibu wote. Kwa jamii ambayo mahari, heshima na chakula cha mtoto vilitoka zizini, fikirieni wenyewe. Habari njema ilikuja baadaye sana: daktari wa mifugo Walter Plowright alitengeneza chanjo bora pale Muguga, Kenya, karibu na mwaka 1960, na mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa. Ni ugonjwa wa pili katika historia kufutwa duniani, baada ya ndui.

Pigo la pili lilikuwa la kalamu. Mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walikaa Brussels wakakubaliana mipaka ya eneo hili. Mwaka 1925 Wabelgiji wakaanzisha hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, na mwaka 1934 hifadhi ya Kagera, ambayo leo ni Akagera. Kwa wanyama pori ilikuwa faida. Kwa mchungaji ilikuwa na maana kwamba malisho kadhaa ya kukimbilia sasa yana askari.

Na ukame haukusubiri. Njaa ya Rwakayihura ilipiga Rwanda mwaka 1928 na 1929, na ile ya Ruzagayura ikaja 1943 na 1944. Katikati ya hizo mbili, mwaka 1937, Wabelgiji walianzisha mpango wa kuhamishia Wanyarwanda Kongo, ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Mpaka unafika mwisho mwaka 1955, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamepelekwa Kivu ya Kaskazini, hasa Gishari na Masisi. Wakoloni walitaka kupunguza msongamano Rwanda na kupata vibarua wa mashamba yao makubwa. Familia zilikwenda na matumaini ya ardhi. Wahunde waliokuwa wenyeji wa pale hawakuulizwa vya kutosha. Mbegu ya ugomvi ikapandwa siku hiyo, na sisi tumekuja kuvuna.

Mahali ambapo walichagua kuhifadhi

Hebu tutoke kwetu kidogo, juu kuna jambo lilitokea Marekani miaka hiyohiyo ya sotoka, na linafundisha.

Kwenye tambarare za Montana, Wyoming na Dakota matajiri walikuwa wamejaza ng'ombe kupita uwezo wa ardhi. Walifuga kwa kuachia tu, mnyama ajitafutie mwenyewe hata kipindi cha baridi. Majani makavu ya akiba hayakuwepo, au yalikuwa kidogo sana. Kiangazi cha 1886 kilikuwa kikavu, majani yakawa mafupi. Kisha ikaja baridi ya 1886 na 1887, theluji ikafunika kila kitu, juu yake barafu, ng'ombe wakashindwa kuchimba mpaka chini. Theluji ilipoyeyuka mizoga ilijaa mabondeni. Kuna makundi yaliyopoteza zaidi ya nusu. Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais baadaye, alipoteza sehemu kubwa ya ng'ombe wake kule Dakota. Na kijana mchungaji wa miaka 22, Charles Russell, mwenye kundi alipoandika kuuliza hali ya mifugo, alichora kwenye karatasi ndogo ng'ombe mmoja aliyebaki mifupa, amesimama kwenye theluji, mbwa mwitu wakimsubiri. Picha hiyo ndiyo ilipelekwa kama jibu. Wachoraji wa kundi letu, kumbukeni hiyo.

Baada ya hapo wafugaji wa kule walibadilika. Wakapunguza idadi, wakaweka uzio, wakaanza kulima majani na kuyakausha wakati wa joto ili kulisha wakati wa baridi. Mpaka leo kazi ya ranchi kule inakwenda hivyo: ndama anazaliwa majira ya kuchipua, anaachishwa kunyonya vuli akiwa na miezi sita hadi minane, na kipindi cha baridi analetewa majani makavu kila siku, na barafu ya kwenye maji inavunjwa ili anywe. Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wanatutumia video za ng'ombe wanakula kwenye theluji, na wazee wa hapa wanaziangalia mara tatu tatu. Wanaelewa kinachofanyika. Kile ni kiangazi cheupe.

Lakini angalieni kilichowezesha. Yule mfugaji wa Montana alikuwa na ardhi yenye hati, na ardhi yenyewe ilichukuliwa kutoka kwa Wahindi Wekundu, wenyeji wa pale. Pia alijua kwamba ghala la majani atakalolijaza Agosti atalikuta Januari. Kuhifadhi kunataka vitu viwili: mahali pako na usalama. Shikeni hilo, tutalirudia.

Masisi na Itombwe

Masisi kuna mvua nyingi na milima ya kijani, ng'ombe walistawi. Jibini ya kule, ile watu wanaiita jibini ya Goma, inajulikana mpaka Kinshasa. Lakini mwaka 1973 serikali ya Mobutu ilitaifisha mashamba ya wageni na sheria mpya ya ardhi ikatoka. Maeneo makubwa yakaangukia mikononi mwa watu wachache wenye uhusiano serikalini, wengine wao wafugaji wakubwa. Mkulima mdogo alibanwa, na mfugaji mdogo pia. Machi 1993 mapigano yalianza Ntoto, yakasambaa Masisi, na katika miaka iliyofuata ng'ombe waliporwa na kuchinjwa mpaka vilima vikabaki vitupu. Ndio miaka ambayo familia nyingi za Kiziba na Gihembe zilivuka mpaka. Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Gihembe ilipokea mwaka 1997 walionusurika mauaji ya kambi ya Mudende.

Kivu ya Kusini habari ni tofauti, ila kiangazi ni kilekile. Banyamulenge wanaishi juu kwenye nyanda za Itombwe, Minembwe na Bijombo, na walikuwepo kabla Wabelgiji hawajachora mipaka. Juu kule usiku wa Juni na Julai baridi inauma, na majani yanakauka. Kwa hiyo kiangazi vijana waliteremsha ng'ombe kuelekea maeneo ya chini ya Fizi, kwenye ardhi za Wabembe na majirani wengine. Kulikuwa na utaratibu: mfugaji alitoa itulo, yaani zawadi au kodi kwa chifu wa pale, mara nyingi ng'ombe, kisha akakaribishwa.

Kwenye kundi letu wamo watoto wa wafugaji na watoto wa wakulima. Tulipokuwa tunajadili andiko hili, wenzetu wa upande wa kilimo walitukumbusha jambo: mahindi yanakuwa yameshavunwa kiangazi, sawa, lakini mihogo bado iko shambani, na bustani za mabondeni ndio zinategemewa. Kundi la ng'ombe likipita usiku mmoja, chakula cha familia cha miezi kadhaa kimekwenda. Wenye ng'ombe nao wakasema: na usiposhuka, ndama wanakufa mbele ya macho yako. Hakuna aliyedanganya kati yao. Bonde ni moja, na mwezi wa Julai kila mmoja analihitaji.

Zamani itulo na heshima vilitosha kutuliza. Vita vya 1996 na 1998 vilipokuja, kila upande ukapata bunduki, na chifu wa kupokea itulo akakuta mwenye silaha ndiye anayepokea. Katika miaka ya 2010 pande hizo zilikaa chini zaidi ya mara moja kuzungumza juu ya njia za ng'ombe, malipo kwa machifu na mazao yaliyoliwa. Halafu mapigano yakarudi, na tangu 2017 vijiji vingi vya nyanda za juu vimechomwa, ng'ombe wengi sana wameporwa, na watu wa kila kabila wamekimbia.

Tusieleweke vibaya. Vita vya kwetu havikuletwa na majani peke yake. Kuna siasa, kuna madini, kuna majeshi ya nchi kadhaa, kuna chuki zilizopikwa kwa makusudi. Lakini anayetaka kuwasha moto anatafuta kuni kavu, na kila kiangazi kilimletea.

Rwanda inageukia kuhifadhi

Wakimbizi waliotutangulia wana habari yao hapa. Wanyarwanda waliokimbia kuanzia 1959 walikwenda Uganda, Tanzania, Burundi na Kongo, na waliorudi mwaka 1994, hasa wa Uganda, walirudi na makundi makubwa ya ng'ombe. Wakapelekwa upande wa Mutara. Mwaka 1997 serikali ilikata sehemu kubwa ya hifadhi ya Akagera ili watu wapate mahali pa kukaa na kulisha. Hifadhi iliyokuwa na zaidi ya kilomita za mraba 2,500 ikabaki karibu na nusu. Msitu wa Gishwati nao ulikuwa umeshaanza kugeuzwa malisho miaka ya 1980, na baada ya 1994 karibu uishe wote. Mlango wa kuhama ulifunguliwa kwa mara ya mwisho, na baada ya hapo hapakubaki pengine pa kukata.

Kwa hiyo nchi ikachagua njia ya pili. Ng'ombe akaambiwa akae zizini aletewe majani. Mwaka 2006 ukaanza mpango wa Girinka, familia maskini kupewa ng'ombe mmoja, na ndama jike wa kwanza apewe jirani. Ng'ombe zaidi ya 400,000 wameshatolewa. Angalieni ujanja wa mpango huu: mzigo wote umewekwa juu ya ndama. Yule ndama akifa kiangazi, jirani anakosa, na mnyororo unakatika hapo.

Sasa je, kumvusha ndama zizini ni kazi kiasi gani? Tufanye hesabu pamoja. Ndama aliyekwisha kuachishwa, mwenye kilo 120 hivi, anakula kama kilo 4 za majani makavu kwa siku. Kiangazi cha siku 90 ni kilo 360. Ukikausha majani na kuyafunga kwa sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kimo 45, robota moja linakuwa kama kilo 20. Basi unahitaji marobota 18, weka 20 kwa ajili ya yatakayoharibika. Marobota 20 ukiyapanga kwenye kona ya mita 2 kwa 2, yanafika kiunoni. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ndama kuishi na kufa: kona moja yenye paa.

Majani yenyewe yakatwe mwezi wa Mei, mvua zikiisha na jua likirudi, yakiwa yanaanza kutoa maua. Ukisubiri yakomae, umeweka akiba ya vijiti. Yaanikwe siku mbili tatu, yageuzwe, yasinyeshewe. Peke yake hayatoshi kwa mnyama anayekua, yanakosa protini, kwa hiyo yachanganywe na mashina ya viazi vitamu, desmodiamu au majani ya kaliandra. Yupo pia anayeweka saileji: matete, yale Wanyarwanda wanayaita urubingo, au mahindi mabichi, yanakatwakatwa, yanakanyagwa mpaka hewa itoke, yanafungwa kwenye shimo au mfuko mzito wa plastiki, na baada ya wiki tatu au nne yako tayari. Ila ndama mdogo wa chini ya miezi mitatu hapewi saileji, tumbo lake bado. Na maji, jamani. Anayekula kikavu anahitaji maji safi kila siku.

Sisi tuko wapi hapa

Kambini hakuna malisho. Nyumba zimebanana, na anayeishi Kigali anapanga chumba kimoja au viwili. Aliyezaliwa Kiziba mwaka 1997 sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na kumvusha ndama kiangazi anakujua kwa kusimuliwa tu. Wazee wenye elimu hiyo wanatutoka mwaka hadi mwaka. Kwenye fomu za mashirika tunaulizwa mlipoteza ng'ombe wangapi. Ni swali zuri, lakini jibu lake ni idadi ya vitu visivyokuwepo tena. Kuna swali la pili ambalo hatuulizwi: mnajua nini? Mzee aliyefika hapa bila hata kamba mkononi bado anajua kumtazama ndama macho na masikio akakwambia ana homa ya kupe. Hiyo haikuporwa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili.

Kwa wenzetu vijana: mwezi huu kila mmoja akae na mzee mmoja, wa upande wa ufugaji au wa kilimo, amuulize haya. Kiangazi mlikwenda wapi? Mlimsalimia nani kabla ya kuingia? Ndama walilishwa nini nyumbani? Ng'ombe wakila shamba la mtu, mlilipaje? Ni mwaka gani utaratibu huo ulivunjika, na nani aliuvunja? Rekodi kwa simu, kisha andika. Tuchukue majibu ya pande zote mbili, juu siku ya kurudi nyumbani ikifika, watakaokaa chini kupanga njia za ng'ombe na mabonde ya kulima ni sisi, na hatuwezi kupanga kitu ambacho hatukijui.

Kwa nyie wa mashirika: kuna mfano tayari. Kwenye bonde la Misizi, wilaya ya Gisagara, wakimbizi wa Mugombwa na wenyeji wanalima pamoja. Palipo na mahindi pana mabua, na jirani Mnyarwanda mwenye ng'ombe wa Girinka anayahitaji mwezi wa Julai. Mkimbizi hahitaji kumiliki ng'ombe ili afanye kazi ya majani: kukata, kukausha, kufunga marobota, kutengeneza saileji, kuuza. Ni kazi ya miezi michache, inataka panga, sanduku la mbao na paa, na inafundisha kitu ambacho kinabebeka kichwani mpaka Minembwe au Masisi.

Tulisema kuhifadhi kunataka mahali na usalama. Ni kweli, na marobota ya majani hayazuii bunduki. Ghala la kijiji kilichochomwa linaungua pia. Lakini usalama ukija, hata kidogo, kiangazi cha kwanza baada ya hapo kitatupima upya. Ng'ombe watakuwa wachache, ndama watahesabika kwa vidole, na bonde litakuwa ni lilelile. Wenye majani ghalani watakuwa na muda wa kuzungumza na jirani bila haraka. Wasio nayo watashusha ng'ombe usiku.

Leteni majibu ya wazee wenu. Tutayakusanya na kuyaweka hapahapa kabla ya mvua za Septemba.